Kupanda Mlima Maqlub kuifuata Injili ya Mubarak

Tuliondoka Erbil, kaskazini mwa Iraki, alfajiri, maana vizuizi vya barabarani huko vinaweza kukulia nusu siku. Dereva wangu, Mkristo wa Bartella aliyekimbilia Erbil wakati wa vita vya Daesh, wapiganaji wa lile kundi lililojiita Dola la Kiislamu, alitoa karatasi zetu kabla hata askari hajaziuliza. Uwanda wa Ninawi ni nchi ya ngano, na mavuno yakishapita huoni kitu cha kukuzibia macho mpaka Mlima Maqlub. Ubavuni mwake, juu, kuta za Monasteri ya Mar Mattai zimeung'ang'ania mwamba.

Nilikuwa nakifuata kitabu ambacho hakipo tena pale. Karne ya 13, Mubarak bin Daud, mzaliwa wa Bartella, alinakili katika monasteri hii masomo ya Injili yasomwayo kanisani mwaka mzima. Aliyaandika kwa Kisiriaki, lugha ya kale ya Wakristo wa huko, na kitabu kikapambwa kwa picha za rangi na dhahabu. Leo kimo katika Maktaba ya Vatikani kwa alama Vat. sir. 559. Mimi nilikuwa na kurasa zake kwenye simu.

Gari lilipanda kona baada ya kona hadi langoni. Abuna (ndivyo wanavyomwita padri huko) aliyetupokea hakutaka maswali kabla ya chai. Tulipomaliza akatupeleka kwenye kaburi la Bar Hebraeus, mkuu wa Kanisa la Kisiriaki upande wa mashariki, aliyefariki mwaka 1286. Mtu huyo aliandika historia, tiba, elimu ya nyota, sarufi, hata visa vya kuchekesha. Nilisimama hapo muda mrefu, kwa sababu monasteri hii ilianzishwa karne ya 4 na bado misa inasomwa.

Kisha tukakaa kivulini nikafungua simu: Yesu anaingia Yerusalemu. Abuna akaivuta picha ikawa kubwa, akapita na kidole uso kwa uso. Watu waliotoka mjini kumlaki wamepiga vilemba na kanzu zenye mistari ya mapambo mikononi, mavazi ya watu wa Mosul zama za makhalifa wa Abbasi. Wachoraji Waislamu wa wakati ule waliwachora hivyo hivyo watu wa hadithi za Kiarabu. Mimi nimekulia katika kanisa la Moshi ambalo Yesu wa ukutani alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu, na hakuna aliyeniambia kwamba Injili ilikuwa ikisomwa na kupambwa huku mashariki karne nyingi kabla mmisionari wa kwanza hajapanda meli kuja kwetu. Kila mtoto wa katekisimu angepaswa kuuona ukurasa huo.

Ukurasa mwingine una Konstantino, kaisari wa Roma, na mama yake Helena, msalaba katikati yao. Nyuso zao ni za Kimongolia. Kuna mwanahistoria aliyewatambua kuwa ni Hulagu, mtawala wa Wamongolia aliyeiteka Baghdad mwaka 1258, na mkewe Mkristo, Doquz Khatun. Wataalamu wamegawanyika: wengine wanasoma mwaka wa kitabu kuwa 1220, wengine 1260. Ikiwa ni 1220, Hulagu alikuwa bado mtoto. Abuna anashikilia 1260, nami namuunga mkono.

Tuliteremkia Bartella. Daesh waliishika tangu Agosti 2014 hadi Oktoba 2016, na mstari wa mapigano ulikuwa kilomita chache tu chini ya monasteri. Kwa hiyo siwezi kulalamika kwamba kitabu kiko Roma. Ila ningependa kije kionyeshwe Iraki, hata kwa msimu mmoja, watu wa kijiji cha Mubarak wakione kwa macho yao.

Wakati tukisubiri hilo, Maktaba ya Vatikani imeziweka kurasa zote kwenye mtandao bila malipo. Andika tu ile alama yake. Na ukipata nafasi ya kufika Erbil, chukua dereva anayeijua njia, beba pasipoti, na ukifika langoni kubali chai.