Jamani, tetemeko la 4.3 siyo kiama

Mliojaza simu yangu usiku wa manane baada ya kusoma habari ya tetemeko la huku Japani, niko hai. Kwenu ilikuwa saa mbili usiku, huku saa nane usiku, na asubuhi naingia zamu. Mjomba, Japani haijazama. Jioni, hapa Chiba, nilikuwa nakosha vyombo, taa ya darini ikacheza kidogo. Simu hata haikulia king'ora. Runinga ikaandika maneno yale yale: hakuna hatari ya tsunami. Nikasuuza sahani nikalala.

Kilichowatisha nakijua: "baharini, kina cha kilomita 10 tu". Kweli, tetemeko la juu juu hutikisa kuliko lililo kilomita 100 chini. Ila hilo lilikuwa 4.3, tena mbali na pwani. Na hiyo 10 msiishikilie sana: Wamarekani wanaopima matetemeko ya dunia nzima mara nyingi huiweka pale kina kamili kikikosa kujulikana.

Halafu namba hizi za ukubwa wa tetemeko hazipandi kama bei ya unga. Kutoka 4 kwenda 5, nguvu inayofyatuka ni takriban mara 32. Lile la Bukoba, Septemba 2016, lilikuwa 5.9, yaani kama mara 250 ya hili mnalonililia. Tena lilitokea karibu na makazi, kwenye nyumba za matofali zisizo na nondo. La Agosti 2020 karibu na kisiwa cha Mafia lilifika 6.0, Dar watu walishuka ghorofani mbio, lakini kitovu kilikuwa baharini, majengo yakabaki wima. Ndiyo maana Wajapani wana kipimo cha pili, shindo, 0 hadi 7, kinachosema pale ulipo pametikisika kiasi gani. Kwangu ilikuwa 1. Siku nyingine niulizeni shindo.

Kinachonitikisa mimi ni mkataba wa nyumba. Mnaolalamikia kodi ya miezi sita Sinza, huku kuna pesa ya kumshukuru mwenye nyumba, na hairudi! Baada ya miaka miwili unalipa tena kodi ya mwezi mzima ili tu mkataba uendelee, na bima juu yake. Bili imeingia juzi.

Mnaopanga kuja, dalali akiwaonyesha nyumba ya bei poa, ulizeni mwaka iliojengwa. Sheria ya ujenzi wa kuhimili matetemeko ilikazwa Juni 1981. Ya kabla ya hapo iacheni, hata ikiwa mlangoni mwa stesheni. Na kabati lifungeni ukutani siku ya kuhamia.