Anemoni wa Baharini Sebuleni Kampala

Nyumbani kwangu Ntinda kuna tangi la lita 250 za maji chumvi, na kila mgeni anayeingia sebuleni huwatazama kwanza samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa, wenye mistari mitatu myeupe, ambao wataalamu huwaita Amphiprion ocellaris. Siwalaumu wageni, kwa maana samaki hao wanapendeza. Lakini kila asubuhi, kabla sijanywa chai, mimi humtazama kwanza yule wanayelala ndani yake, anemoni, kwa sababu samaki wale wangeweza kuishi miaka mingi bila yeye katika tangi lisilo na maadui, ilhali yeye hawezi kustahimili hata wiki chache za uzembe wangu.

Anemoni ni mnyama, ingawa wengi hudhani ni ua. Ni wa jamaa moja na konyeza na matumbawe, na minyiri yake imejaa vichomeo vidogo sana ambavyo humlegeza samaki yeyote anayeigusa. Samaki wa anemoni husalimika kwa ute unaofunika ngozi yao, na mara nyingi huanza kwa kumgusa mwenyeji wao kidogo kidogo kabla ya kuzama ndani. Baada ya hapo kila mmoja humfaa mwenzake: samaki hupata maficho, na kwa upande wake huwafukuza samaki kipepeo wanaotafuna minyiri, hupunga maji kwa mapezi, na taka zake hurutubisha mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wa anemoni. Mwani huo ndio unaotengeneza sehemu kubwa ya chakula chake kwa mwanga, na ndio unaompa rangi yake ya kahawia.

Jambo hilo la mwani nililijua nikiwa nimechelewa. Tangi langu lilipokuwa na wiki tatu tu, nilinunua anemoni mweupe kama pamba, na muuzaji akaniambia, “Ndugu yangu, hii ni rangi adimu.” Ukweli ni kwamba mwani ulikuwa umemtoka kwa mateso ya safari na mwanga hafifu, na alikuwa akifa kwa njaa polepole. Mdomo wake ulibaki wazi, minyiri haikunata, na siku ya kumi na mbili akayeyuka usiku, akachafua maji kiasi cha kuua pia samaki niliyekuwa naye. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la muuzaji, kwa maana tangi la wiki tatu bado halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia kuwa nitriti na hatimaye nitrati, na hata bakteria hao wakishakamilika, anemoni huhitaji maji yaliyotulia kwa miezi mingi. Nilisubiri miezi kumi kabla ya kujaribu tena.

Katika miezi hiyo nilijifunza maji. Sisi tulio mbali na Mombasa kwa zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara hatuwezi kwenda kuchota bahari kwa ndoo, hivyo bahari yetu tunaikoroga wenyewe. Maji ya bomba hapa yana klorini, kwa hiyo huyapitisha kwanza katika mtambo wa kuyasafisha, kisha huyachanganya na chumvi maalumu ya matangi, takriban kilo moja kwa kila lita 25, hadi yafikie gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Watu huniuliza kwa nini situmii chumvi ya Ziwa Katwe, tuliyo nayo hapa nchini kwa wingi. Chumvi ya ziwa lile ina kabonati na salfeti nyingi kwa uwiano usiofanana na wa bahari, na kwa viumbe hawa uwiano una uzito sawa na wingi. Kumbuka pia kwamba maji yanapokauka chumvi hubaki, hivyo kila siku naongeza maji matamu pekee. Usiku wa Kampala ni baridi kuliko walio ugenini wanavyodhani, kwa hiyo kipasha joto hulishikilia tangi kwenye nyuzi 26, na umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri huwaka. Dawa ya samaki yenye shaba haiingii kamwe katika tangi hili, kwani shaba humuua anemoni.

Anemoni wangu wa pili ni wa aina ya Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama mapovu. Alizaliwa kwa mgawanyiko katika tangi la rafiki yangu wa Nairobi, nami nilifurahi kwamba hakung'olewa mwambani, kwani anemoni wa mwituni huchukua muda mrefu sana kurudi panapovunwa. Alifika kwa basi la usiku, nikamzoesha maji yangu tone kwa tone kwa saa mbili. Alitangatanga siku tano, nami nikawa nimeziba midomo ya pampu kwa sponji, maana anemoni anayetembea huvutwa na pampu na kukatwakatwa. Hatimaye alichagua ufa wa jiwe, mguu gizani na minyiri kwenye taa.

Sikuwa na uhakika kama samaki wangu wangemkubali, kwa kuwa baharini aina yao haiishi na anemoni huyu. Anayeishi naye katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki ni Amphiprion allardi. Ilipita wiki tatu. Kisha yule mkubwa, ambaye ndiye jike (samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume, na mkubwa wao hugeuka kuwa jike), akaingia mchana mmoja, na dume akamfuata jioni.

Anayemchukua mnyama huyu ajue muda anaojifunga nao. Huko North Berwick, Uskoti, mtaalamu wa wanyama John Dalyell alimwokota anemoni wa bahari ya baridi mwaka 1828 akamweka katika chupa ya kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851, na anemoni yule, waliyemwita Bibi, aliendelea kuishi mikononi mwa watunzaji wengine hadi mwaka 1887.

Mwezi uliopita wangu aligawanyika, na sasa wako wawili, kila mmoja upande wake wa jiwe. Jirani yangu amekwisha kuniomba mmoja. Tangi lake lina miezi minne, kwa hiyo tumekubaliana nimpelekee likitimiza kumi, na kila Jumamosi hunijia na kichupa cha maji yake tuyapime pamoja.