Kutoka Leicester mpaka Victoria Park, kumfata binti wa Msomali

Kwetu Tanga ukisema panki watu wanajua ni mtindo wa kunyoa, pembeni kweupe katikati nywele zimesimama, na wazee walikuwa hawataki hata kuuona. Kumbe ni muziki, na ni zaidi ya muziki. Jumamosi iliyopita nikambeba binti yangu wa miaka 13, treni ya asubuhi toka Leicester tunakoishi, tukashuka St Pancras, London.

Tukaanzia King's Road. Toka stesheni ya Sloane Square unatembea weee, maduka ya wenye hela matupu, mpaka namba 430. Hapo ndo Vivienne Westwood, mbunifu wa mavazi, na mwenzake Malcolm McLaren walikuwa na duka lao la nguo toka 1971, wakawa wanalibadilisha majina kila baada ya muda, na Sex Pistols, ile bendi ya panki, wametokea humo humo. Nje kuna saa kubwa ina namba mpaka 13 na mishale inarudi kinyumenyume kwa kasi, mwanangu akaitolea macho mpaka kizunguzungu kikamshika. Nikamwonesha pini niliyobania ushungi, hii ya kufunga na kufungua, nikamwambia unaiona, hizi hizi ndo walichomeka kwenye mashati yaliyochanika, wengine mpaka masikioni, maana miaka ile kazi zilikuwa ngumu, kijana hana hela, basi nguo unajitengenezea mwenyewe na ukijua gitaa kidogo tu unaanzisha bendi, husubiri ruhusa ya mtu. Hilo ndo linanigusa mimi kuliko yote.

Oxford Street tulipita tu, pale 100 Club, ukumbi wa muziki, mlango mdogo katikati ya maduka, Septemba 1976 walifanya tamasha la panki la siku mbili humo chini. Kuna na klabu ya Roxy ya Covent Garden ambako dijei alikuwa Don Letts, wazazi wake Wajamaika, na kwakuwa santuri za panki zilikuwa bado za kuhesabu akawa anawapigia rege, ndo maana ukisikiliza The Clash, bendi nyingine ya panki, rege imo mle ndani.

Ila mi safari yangu ilikuwa ya Poly Styrene, mwimbaji wa panki. Baba Msomali, mama mzungu, amekulia Brixton, jina lake la nyumbani Marianne Elliott-Said. Aliwaona Sex Pistols Hastings 1976 siku anatimiza miaka 19, akarudi akaweka tangazo gazetini kutafuta vijana, ikazaliwa X-Ray Spex. Meno yana waya kama ya mwanangu, sauti kama king'ora, na hakujificha.

Tukachukua treni ya chini mpaka Bethnal Green, tukatembea hadi Victoria Park. Tarehe 30 Aprili 1978 watu maelfu walitoka Trafalgar Square kwa miguu mpaka hapa kupinga National Front, chama cha wale waliotaka wageni warudishwe makwao, yani sisi, na jukwaani walikuwepo The Clash, Steel Pulse ya rege, na Poly na bendi yake. Sa hivi ni majani na watu wanatembeza mbwa. Tukakaa kwenye benchi, mvua inanyunya, sikio moja langu sikio moja lake, nikampigia wimbo wa Poly.

Akauliza, mama, baba yake Msomali kweli? Nikamwambia ndio mwanangu. Akaurudisha mwanzo.