Drifti ya gari kuukuu, farasi 130 tu

Ukipita jioni kwenye vibanda vya gemu vya Majengo, kwa wanaocheza drifti, yaani kupitisha gari kwenye kona likiwa linaserereka upande, gari linalogombaniwa ni Supra au Skyline iliyojazwa nguvu mpaka tairi zinafuka moshi katika gia ya nne. Sina ugomvi nayo. Ila gari lenye nguvu za farasi 800 humbeba hata asiyejua anachofanya: umeingia kona polepole, kanyaga mafuta, mkao umeharibika, kanyaga tena. Usiku huu mawazo yangu yako kwa gari la aina nyingine, Toyota AE86, iliyouzwa kuanzia 1983 hadi 1987. Injini yake ya 4A-GE ina ukubwa wa cc 1,587 na nguvu za farasi 130 kwa hesabu ya Japani, na gari zima lina uzito wa kilo 940 hivi. Datsun 1600 na Ford Escort za mwanzo ziko chini ya hapo kwa nguvu. Kwa magari haya mafuta hayakuokoi. Kona huamuliwa kabla hujaifikia.

Tairi zikikaa upande zinakula mwendo kila mita, na injini ndogo haina uwezo wa kuurudisha. Hamali wa mkokoteni pale sokoni Kongowea, Mombasa, analijua jambo hili kuliko sisi: mzigo ukishapata mbio hauruhusiwi kusimama. Kwa hiyo kosa la kwanza la anayetoka kwenye magari makubwa ni kuingia polepole akitegemea kukanyaga katikati. Tairi za nyuma zinashika, pua inafuata usukani, na gari linatoka kwenye kona limenyooka kama teksi. Dawa yake ni kuongeza kilomita tano au kumi kwa saa za kuingilia, wala si kuongeza mafuta. Kosa la pili ni kutaka pembe kubwa. Gari likilala sana mwendo unakufa, mizunguko ya injini inashuka, na hakuna kitakachoifufua. Pembe ndogo inayofika mwisho wa kona ina thamani kuliko kubwa inayokatika njiani.

Mizunguko ndiyo sehemu ambayo wengi hawaishughulikii, na mimi naona ndiyo nusu ya kazi. 4A-GE inavuta vizuri zaidi kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika na inatoa nguvu zake zote kwenye 6,600. Chini ya 4,500 imelala. Giaboksi ya AE86 ina uwiano wa 2.022 kwa gia ya pili na 1.384 kwa ya tatu, na difu ya kawaida, yaani meno ya mwisho kwenye ekseli ya nyuma, ni 4.3. Kwa tairi za 185/60R14, gia ya pili inafika kilomita 88 kwa saa kwenye mizunguko 7,000, na ya tatu inafika 128. Sasa kumbuka kwamba kwenye mserereko tairi za nyuma huzunguka kwa kasi kuliko gari lenyewe. Gari linaweza kuwa kwenye 55 na tairi ziko kwenye 70. Kwa 70 hiyo, gia ya pili inakupa mizunguko 5,600 hivi, ambayo ni sawa, lakini ukitia ya tatu unaangukia 3,800 na mchezo umekwisha.

Badilisha difu iwe 4.778, kama gemu inaruhusu. Kwa 70 ileile gia ya pili inapanda mpaka 6,200, na ya tatu inaisha kwenye 115. Kona ya kasi ambayo tairi zinazunguka kwa 90 sasa unaipata katika gia ya tatu kwenye mizunguko 5,500 hivi, badala ya 4,900. Watu hukimbilia kubadilisha injini kabla ya kugusa meno ya difu, na hapo ndipo gari linapopoteza ladha yake yote.

Difu yenyewe ifungwe, ili tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja. Difu iliyo wazi hupeleka nguvu kwa tairi nyepesi, ile ya ndani ya kona. Utaona moshi upande mmoja tu na gari likijinyoosha. Kama kuna mpangilio wa asilimia ya kuifunga, panda mpaka juu, kwa kukanyaga mafuta na kwa kuyaachia. Tairi za nyuma zijazwe upepo, 36 hadi 40 psi, na za mbele ziachwe 26 hadi 28, ili mbele kushike na nyuma kuachie. Gari la nguvu nyingi huenda kinyume na hivyo, kwa hiyo mpangilio ulioazimwa kutoka kwa mtu wa Supra hautakufaa. Springi za nyuma ziwe ngumu kidogo kuliko za mbele, lakini usikaze gari lote likawa ubao. Unahitaji uzito uyumbe.

Kuyumba huko ndiko kunakoanzisha kila kitu. Kona ya kushoto: mita thelathini kabla, vuta usukani kulia kidogo, achia mafuta, kisha rudisha kushoto kwa nguvu huku ukigusa breki. Uzito unavuka, nyuma inaachia. Hapo kanyaga mafuta yote na geuza usukani upande ambao nyuma inakimbilia. Mbinu hii ni ya wana rali, na si ajabu. Dereva Mkenya Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet ambayo kwa namba za leo haimtishi mtu. Anayeanza ajifunze kwanza kwenye barabara ya vumbi ndani ya gemu, maana pale gari dhaifu linaserereka bila kubembelezwa, kisha ndipo ahamie lami.

Mizunguko ikishuka katikati ya kona, piga klachi: mguu wa mafuta ubaki chini, klachi ikanyagwe na kuachiwa papo hapo. Injini inaruka juu, kisha inazichapa tairi za nyuma kwa mkupuo. Hendibreki ni ya mguso mfupi tu, klachi ikiwa chini, la sivyo inaburuza injini pamoja na tairi. Usiachie mafuta ghafla gari likiwa limelala. Nyuma inashika na kukurusha upande wa pili kabla mikono haijafika.

Kuhusu mikono: kwa usukani wa gemu wenye gia za meno ndani kama Logitech G29, mzunguko wa digrii 900 ni mwingi. Weka 540 hadi 720, sawasawa kwenye programu ya usukani na kwenye gemu, na uache ujizungushe wenyewe wakati wa kubadili upande. Nguvu ya mota inayosukuma usukani ikipandishwa kupita kiasi usukani unakuwa mzito bila kukueleza lolote, na kwa joto hili la Kaskazi mota yake hupata moto na kulegea.

Kuna jambo la Pwani hasa, nalo ni hewa ya chumvi. Pedali za usukani kama huo husoma mguu kwa kipande kidogo kinachosuguana ndani, na vumbi na unyevu vikikaa pale usomaji unaruka. Gari la farasi 800 halijali. Kwa AE86, mafuta yakidondoka kutoka asilimia 100 hadi 80 kwa kufumba na kufumbua, ni sawa na kuachia mguu, na gari linanyooka bila sababu unayoiona. Fungua ukurasa wa kupima pedali, kanyaga taratibu mpaka chini, ushikilie. Mstari ukitetemeka, chomoa pedali, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, chezesha pedali ili ienee, uache ikauke. Usitumie mafuta ya kulainishia, yanavuta vumbi. Kisha punguza mwisho wa pedali kwa asilimia 2 au 3 kwenye gemu, ili kukanyaga kote kusomwe mia kamili.