Asubuhi ya kusomewa mashtaka

Kijana aliletwa amevaa sare za mahabusu, pingu mikononi. Mimi nilikuwa mkalimani wake katika mahakama ya manispaa jimboni Ohio, Marekani, na kabla hata hakimu hajaketi akaninong'oneza: "Kaka, waambie nimekubali, niende zangu nyumbani."

Mkalimani hana ruhusa ya kumshauri mtu. Nilimwita wakili wa umma aliyekuwa zamu, yule anayewatetea wasioweza kulipa wakili, nikampa maneno yale yale kwa Kiingereza.

Wakili akaanza na hati ya mashtaka: wizi wa bidhaa za dukani, thamani chini ya dola 1,000, kosa dogo la daraja la kwanza. Adhabu ya juu ni siku 180 jela na faini ya dola 1,000. Thamani ikifika dola 1,000, kosa linapanda na kuwa kubwa, kwa hiyo bei za bidhaa hukaguliwa moja moja. Akauliza pia kama polisi walimsomea haki zake, kama ile ya kukaa kimya, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kijana akajibu kwamba aliitikia kwa kichwa tu. Wakili akaliandika hilo na kulipigia mstari.

Majibu ya kawaida ni matatu: kukiri, kukana, au kutopinga. Asiyepinga anakubali kwamba maelezo ya kwenye hati ni ya kweli, na hakimu anaweza kumtia hatiani palepale. Kukana siku ile si kusema uongo. Ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe kesi yake pasipo shaka. Wengi hawalijui hilo, wanakiri kwa uchovu wa kulala ndani.

Halafu ikaja habari ya uhamiaji, maana kijana hakuwa raia. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, wakili analazimika kumweleza mteja wa namna hiyo hatari ya kufukuzwa nchini. Sheria ya Ohio inamtaka hakimu naye, kabla hajapokea ukiri, ataje mambo matatu: kuondolewa nchini, kuzuiwa kuingia tena na kunyimwa uraia. Kijana aliomba nirudie lile la kwanza.

Ikabaki karatasi ya kuachilia haki ya kesi kusikilizwa mapema. Kwa kosa la daraja lile muda ni siku 90, na kila siku unayokaa ndani kwa kukosa dhamana huhesabiwa tatu, kwa hiyo aliye mahabusu hufikisha ukomo kwa siku 30. Kusaini kuna faida pale utetezi unapohitaji muda wa kutafuta ushahidi. Siku ile muda huo haukuhitajika, wakili akaiweka karatasi kando.

Alikana shtaka. Hakimu akamwachia kwa ahadi yake mwenyewe, bila fedha, kwa sharti asikanyage duka lile. Karani akampa karatasi ya tarehe inayofuata, na wakili akamwonya kwamba asipofika hati ya kumkamata hutolewa, hata kama kesi yenyewe ni dhaifu.