Punguza ugumu wa gemu bila ya haya

Mtoto anayejifunza bao barazani, Unguja au Pemba, hatupiwi moja kwa moja kwenye bao la Kiswahili, lenye kete 22 za mkononi na kazi yote ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Huanzishiwa bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, mashimo yote 32, mtaji mwanzo hadi mwisho, yaani kucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu. Hakuna mzee anayemwambia kuwa anadanganya. Mtoto huyo huyo akiingia chumba cha gemu akachagua kiwango chepesi, wenzake watamzomea. Hilo linaniuma, kwa sababu anayelipia muda kisha akautumia wote kufia pahala pamoja hajajifunza kitu.

Ila kabla ya kugusa kiwango, angalia vyombo. Televisheni nyingi huipamba picha kabla ya kuionesha, na kazi hiyo hula muda: umeshabonyeza, mchezaji bado hajapiga. Fungua mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu, kwa kawaida imeandikwa Game. Kisha weka pedi ya kuchezea mezani bila ya kuishika. Kamera ikizunguka yenyewe, kijiti kimechakaa, na hewa yetu ya chumvi haivionei huruma vyuma vya ndani. Baadhi ya gemu hukuruhusu kupanua ile sehemu ya katikati ambayo mguso wa kijiti hauhesabiwi. Ipanue kidogo kidogo mpaka kamera itulie, usipitilize, maana pedi itakuwa nzito.

Sasa soka, ambako ndiko kwenye ubishi. FC ya EA Sports ina ngazi 7 dhidi ya kompyuta: Beginner, Amateur, Semi-Pro, Professional, World Class, Legendary na Ultimate. Kadiri unavyopanda, kompyuta hukukaba mapema zaidi na pasi zake hupotea kwa nadra. Ukishinda mechi 3 mfululizo kwa mabao 3 au zaidi, panda ngazi moja. Ukiwa huwezi kuunganisha hata pasi 4, shuka.

Mara nyingi utakwama katikati: Semi-Pro rahisi mno, Professional inakutesa. Hapo tumia slaida, vile vipimo vya kuvuta vilivyomo kwenye mipangilio ya gemu. Ziko za mafungu mawili, lako na la kompyuta, kila moja kuanzia 0 hadi 100, na zote huanzia 50. Baki Professional, pandisha makosa ya pasi ya kompyuta hadi 55, cheza mechi 2, kama bado ni ngumu weka 60. Gusa slaida moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ipi iliyokusaidia. Wengi huteleza kwenye slaida za makosa, kwa sababu namba ikipanda, makosa huongezeka. Mtu anataka kupiga mashuti mazuri, anapandisha makosa ya shuti yake mwenyewe hadi 70, halafu anashangaa mipira yote inapaa juu ya goli. Kasi ya wachezaji wako usiiongeze. Slaida hazifanyi kazi ukicheza mtandaoni, na aliyezoea wachezaji wanaopaa ataona miguu imefungwa mawe.

Mkicheza watu wawili mkishindana, ngazi ya kompyuta haimwokoi aliye dhaifu. Mpe mgeni timu ya nyota 5, wewe chukua ya nyota 3. Au ingieni timu moja dhidi ya kompyuta. Kaka na mdogo wake wakicheza hivyo, mdogo hujifunza pasi haraka zaidi.

Gemu za hadithi zina mitego yake. God of War ya 2018 hukuruhusu kubadilisha ugumu katikati ya safari, isipokuwa ukianza na ule wa juu kabisa: huo hauteremki, lazima uanze upya. The Last of Us Part II imeugawa ugumu, kwa hiyo unaweza kuwaacha maadui wakali na kuongeza vifaa unavyookota tu. Celeste hupunguza kasi ya gemu nzima hadi asilimia 50, na kwa mtu ambaye vidole vyake ni vizito huo ndio msaada wa kweli. Kiwango chepesi pia hukufikisha mapema penye kuhifadhi, na umeme ukikatika hupotezi saa nzima.

Elden Ring haina kitufe cha kupunguza ugumu. Huko wepesi umo ndani ya dunia yenyewe: ongeza nguvu, ita mizimu ikusaidie, au pita njia nyengine. Yule mpanda farasi mwenye silaha za dhahabu mwanzoni kabisa, mzunguke kwa mbali. Utamrudia ukishapata farasi wako na silaha uliyoiimarisha.