Nilimburuza mahakamani, tukaja kumalizana kwa daftari

Kila aliyesikia naachana na mume wangu alikuwa na wakili wa kunipendekezea. "Mburuze mahakamani, asipate hata kijiko!" Nikamburuza. Miezi minane baadaye kesi ilikuwa imeahirishwa mara nne, hakuna shahidi hata mmoja aliyesikilizwa, na akiba yangu karibu yote imeishia kwa wakili. Zaidi viliniuma vile viapo, yaani maelezo ya maandishi ya kuapia mahakamani: mambo ya chumbani kwangu yamepigwa chapa, kila aya na namba yake.

Ndipo tukakubaliana kujaribu usuluhishi. Nilidhani msuluhishi ni hakimu asiye na joho, nikambebea bahasha nzima ya ushahidi. Akaisogeza pembeni. Yeye hahukumu, akasema, anatusaidia tuelewane tu. Kikao cha kwanza kilivunjika tukigombania friji. Friji yenyewe mlango haufungi mpaka uuegemezee kiti!

Kikao cha pili akatutenganisha vyumba, akawa anapeleka maneno huku na huku. Hapo nikatoa ujanja wangu, ingawa ni ule ule wa watoto wawili na keki moja. Niliorodhesha vyombo vyote kwenye daftari, nikavigawa mafungu mawili, nikasema: mpelekee, achague yeye. Ukijua mwenzio ndiye anayechagua, mkono haupendelei. Fungu moja nikaweka televisheni na makochi, la pili mashine ya kufulia na ile friji. Msuluhishi akarudi anajizuia kucheka: bwana kachagua friji.

Watoto na nyumba vilichukua vikao vitatu zaidi. Kabla ya kusaini nilimlipa wakili saa moja tu asome makubaliano, akagundua hatukuandika nani atalipa mkopo wa nyumba mpaka iuzwe. Kisha tukayapeleka mahakamani yawe amri, maana msuluhishi havunji ndoa.

Rafiki yangu mmoja mumewe alikuwa anaficha akaunti. Huyo nilimwambia aende kortini moja kwa moja, kwani msuluhishi hana meno ya kumlazimisha mtu atoe taarifa za benki. Na anayepigwa nyumbani, mtu asimwambie habari za kukaa meza moja.

Siku mtalaka wangu alipokuja kuchukua friji, nilimbebea na kile kiti mpaka garini.